Hasara za Gari Lisiloishiwa Mafuta

Bakari Selemani Nangomwa,
Ziwani, Mtwara.
Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri.

Kwako Ndugu Mhariri,
Gazeti la Kusi Leo.

YAH: MAKALA YENU ILIYONINUNULISHA GARI LA UMEME

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi. Nimelisoma gazeti lenu tangu nikiwa karani wa kuhesabu shehena bandarini, na nimeendelea kulisoma baada ya kustaafu, pamoja na matangazo ya zabuni na ya watu waliopotelewa na hati za viwanja, ambayo najua wengi huyaruka. Kwa hiyo msiichukulie barua hii kama ya mpita njia. Ni ya mtu wa ndani aliyeumizwa na watu wa nyumbani kwake.

Miezi minane iliyopita mlichapisha makala iliyouliza kama gari la umeme na gari la petroli, lipi lina nafuu ukikaa nalo miaka kumi. Mwandishi wenu alichora jedwali. Upande mmoja akaweka petroli, oili, plagi, chujio na mkanda wa injini. Upande wa pili akaweka umeme na betri. Akajumlisha mwaka baada ya mwaka, akahitimisha kuwa la umeme, ingawa kulinunua ni ghali, litakuwa limerudisha tofauti yake kabla ya mwaka wa saba. Niliikata makala ile kwa mkasi, nikaitia kwenye bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kisha nikauza gari langu la petroli nililokaa nalo miaka kumi na minne, nikaongezea kiinua mgongo, nikaagiza gari dogo la umeme lililotumika Japani. Huu ni mwezi wa tano liko uani kwangu.

Hesabu za mwandishi wenu sina ugomvi nazo. Nimehesabu magunia ya korosho yakiingia melini kwa miaka thelathini na moja, na hesabu safi naijua nikiiona. Lalamiko langu ni kwamba ameacha nje ya jedwali gharama kubwa kuliko zote, na kwa sababu hiyo keshokutwa Jumamosi mimi nitapelekwa Nanyamba kwa nguvu, ndani ya gari langu mwenyewe, tena dereva nikiwa mimi. Naomba mnifuate taratibu.

1. Mtu mwenye gari la petroli hapa Ziwani ana mali mbili. Ya kwanza ni gari. Ya pili ni maneno haya matatu: "Gari halina mafuta."

Mwandishi wenu bila shaka anakaa mjini, ambako watu wana haraka na hawaombani. Huku kwetu mwenye gari huombwa. Huombwa apeleke mihogo mnadani, arudishe viti vya harusi, amfuate shemeji wa mtu stendi. Akikubali yote, gari linakufa ndani ya mwaka. Akikataa, anakufa yeye, maana hata maziko yake yatakosa watu. Ndiyo maana Mwenyezi Mungu, kwa huruma yake, akaliwekea gari tangi linaloweza kuwa tupu. Unasema halina mafuta, unaweka mkono juu ya boneti, unashusha pumzi. Mwombaji anasikitika pamoja nawe, mnaulizana habari za watoto, mnaagana. Wengine waliniamini na wengine walinistahi, na mimi sikuwahi kuchunguza nani yuko upande gani.

Naomba ieleweke kwamba mgonjwa sijawahi kumwambia hivyo, wala mama mwenye uchungu, wala maiti. Kwa hao mafuta yalikuwepo siku zote. Nasemea waombaji wa kawaida, ambao kwa kadirio langu niliwajibu mara tatu kwa wiki kwa miaka kumi na minne, na sikugombana na mtu hata mmoja.

2. Gari la umeme halina maneno hayo. Hili nililigundua wiki ya kwanza, alipokuja jirani yangu Hashimu na magunia manne ya mihogo mikavu. Nilifungua mdomo, nikasema gari halina, kisha nikakwama hapo hapo. Nikajaribu kusema halina chaji. Hashimu akautazama waya mweusi unaotoka dirisha la jikoni na kuingia kwenye gari, akasema hana neno, atasubiri. Akakaa kwenye benchi langu. Akala chakula cha mchana kwangu, akalala kidogo, akaamka, akaswali alasiri, akauliza tumefika asilimia ngapi.

Mhariri, tangi la petroli ni siri ya mwenye gari. Lakini asilimia za gari hili zinaandikwa kwa tarakimu za kijani zinazosomeka kutoka nje ya kioo, na sasa Ziwani nzima inazijua. Nimekutana na watu msikitini wakanipongeza kwa kufikisha themanini. Isitoshe, zamani mwombaji mkaidi ungemwambia alete petroli yake kwenye chupa, na chupa ile ilimpunguzia ukaidi. Umeme hauletwi kwenye chupa. Unatoka jikoni kwangu, na watu wa hapa wanaamini kitu kinachotoka jikoni kwa mtu hakinyimwi.

3. Mwandishi wenu amesifu kwamba gari la umeme haliharibiki ovyo, halibadilishwi oili, halina plagi wala chujio. Kwake hiyo ni akiba. Kwangu ni kuporwa kinga yangu ya pili, yaani "Gari liko gereji." Fundi wangu Stefano alikuwa analilaza gari la zamani siku kumi kwa ugonjwa wa siku moja, na sikuwahi kumlaumu, kwa sababu zile tisa zilizobaki zilikuwa mapumziko yangu. Nimempelekea hili jipya mara mbili nikimsihi atafute ubovu. Akafungua boneti, akatazama muda mrefu, akafunga polepole, akaniambia kaka, hapa mimi ni mgeni. Tulikunywa soda, nikarudi nyumbani na gari zima.

4. Gari halina sauti. Mwandishi wenu ameliweka hili kwenye faida, eti utulivu. Gari langu la petroli lilikuwa likisikika tangu kwenye kona ya shule, na kila mtu nyumbani alipata nafasi ya kujiandaa kuwa mtu mwema. Nilipoingia nilikuta chai jikoni na heshima sebuleni. Hili la sasa linafika kama paka. Mwezi uliopita niliingia hadi nyuma ya nyumba bila mtu kujua. Mke wangu Zuhura alikuwa anatwanga kisamvu na Agnes, mke wa Mwalimu Danieli. Zuhura alikuwa ameweka mkono juu ya kinu, ameinamisha kichwa, ameshusha pumzi ndefu, anasema kwa sauti yangu mimi kwamba gari halina mafuta. Agnes alicheka hadi akaketi chini.

Nilisimama pale nyuma ya ukuta, Mhariri, nikaelewa kwamba miaka yote ile upande wa kuniamini haukuwa na watu wengi. Nikarudi kinyumenyume kwenye gari, nikalitoa hadi barabarani, nikaingia upya nikipiga honi. Tangu siku hiyo napiga honi kuanzia kona ya shule. Honi pia haimo kwenye jedwali lenu.

5. Umeme ukikatika, watu wanakuja kuchajia simu kwenye gari. Usiku mmoja zilikuwa simu kumi na moja, na kwa kuwa simu haiachwi peke yake, wenyewe walikaa nazo ndani. Nilipotaka kuingia kuchukua miwani yangu niliombwa nisogee kidogo.

6. Sasa nije kwenye gesi, ambayo mwandishi wenu hakuigusa kabisa, ilhali anawaandikia watu wa Mtwara. Mwalimu Danieli, jirani yangu niliyemtaja, ni mwenyeji wa Iringa na anafundisha hisabati. Gari lake alilifungia mtungi wa gesi alipokuwa Dar es Salaam. Gesi yenyewe inasafishwa hapo Madimba, kisha inaingia kwenye bomba na kwenda huko huko Dar. Sote tunajua iko jirani, lakini huwezi kwenda langoni na dumu ukasema mimi ni mwenyeji. Mwalimu akiombwa gari anasema gesi imeisha na kituo cha kujazia kiko mbali. Basi. Hakuna atakayemletea gesi kwenye chupa ya maji. Hakuna atakayekaa kwenye benchi lake kusubiri. Watu wanampa pole, na juzi mmoja alimpelekea kuku. Amenisihi nisimwambie mtu yeyote kwamba gari lile lile linakwenda na petroli pia, nami nimeahidi kutunza siri hiyo.

Nimekaa naye tukalichora jedwali upya, safari hii tukihesabu kila gharama. Katika miaka kumi, gari la umeme ni ghali kupita yote kwa sababu liko tayari kila siku. La petroli linafuata. La gesi lina nafuu sana. Nikamwuliza Mwalimu, kielimu tu, itakuwaje kwa gari lisilo na injini kabisa, lililoegeshwa chini ya mkorosho. Akapiga hesabu, akaniambia hilo halina mpinzani. Nawapa matokeo haya bure, mnaweza kuyaweka ukurasa wa mbele.

7. Hili la mwisho nimelichelewesha kwa makusudi, ingawa ndilo lililonishikisha kalamu.

Nina dada yangu mkubwa, Somoe, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mama yetu alifariki tukiwa wadogo, tukalelewa Nanyamba na mama mdogo, Bi Mwanaidi. Nilipofaulu kwenda sekondari ya bweni, mama mdogo aliuza shamba lake la mikorosho ili niende. Hakubakiwa na kitu ila mihogo. Siku naondoka nilimwambia kwamba nikipata gari abiria wa kwanza atakuwa yeye, nami nitamleta bandarini aone meli, maana hajawahi kuiona. Alinishika kichwa akacheka.

Gari nilikuja kulipata. Abiria wa kwanza alikuwa mbuzi wa bosi wangu. Mwezi ule nilikuwa na kazi nyingi, na mwezi uliofuata pia. Kila msimu wa korosho ukiisha Somoe aliniambia twende Nanyamba, nami nikamwambia gari halina mafuta, akaenda peke yake kwa basi. Mwaka wa kwanza ilikuwa kweli. Mwaka wa pili ilikuwa uvivu. Kuanzia wa tatu ilikuwa aibu, Mhariri, na aibu si mzigo unaopungua kwa kuucheleweshea safari. Mtaniuliza mbona nami sikupanda basi. Ningeshukaje kwenye basi mbele yake, mtu aliyeahidi gari? Na ningefikaje na gari mwaka wa kumi, mtu aliyekuwa nalo tangu mwaka wa kwanza? Nilituma sukari. Nilituma kanga. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu mimi imefika miaka kumi na minne, na ilikuwa na lami.

Jumatatu Somoe alikuja kwangu asubuhi. Hakuketi. Alichungulia kioo cha gari, akasoma asilimia mia moja, akanigeukia.

"Jumamosi tunakwenda Nanyamba kwa mama," akasema. "Na habari ya mafuta usiniletee, Bakari."

Nikatafuta neno. Nimehesabu shehena za mataifa yote, sijawahi kukosa neno. Siku hiyo nilisema ndiyo, dada.

Bi Mwanaidi sasa anakaribia miaka tisini. Ataniuliza nilikuwa wapi. Na mimi sina tena cha kumjibu, kwa sababu ya jedwali lenu.

Kutokana na hayo, naomba kwa unyenyekevu gazeti lako lifanye yafuatayo:

(a) Lichapishe masahihisho, likikiri kuwa gharama ya kukosa udhuru haikuhesabiwa.

(b) Lichapishe kabla ya Jumamosi, kwa herufi kubwa ambazo dada yangu ataziona bila miwani, kwamba magari ya umeme hayapandi Nanyamba. Sababu mchague wenyewe. Inaweza kuwa mchanga, mwinuko, au upepo wa korosho. Mkiona haya kulitia jina la mwandishi wenu, litieni langu.

(c) Kama (b) ina ugumu, mwandishi wenu aje Ijumaa achukue gari hili, aniachie la petroli lenye tangi linalovuja. Niko tayari kulipokea hata likiwa na matairi matatu.

(d) Kama hata (c) haiwezekani, basi aje Jumamosi yeye mwenyewe, akae kiti cha mbele, na tukifika Nanyamba ashuke kwanza amweleze mama mdogo nilikokuwa.

Nafunga barua kwa kuwasalimu wote hapo ofisini: wachapaji, wasambazaji, na yule binti wa mapokezi anayenijibu simu kwa subira. Mwandishi wa makala mpeni salamu pia, ila zisiwe za moto sana. Zuhura anawasalimu, ingawa hajui kuwa nawaandikia. Mwalimu Danieli anawasalimu na anaomba jina lake lisitoke.

Mimi mwenye gari zima,

Bakari S. Nangomwa

NYONGEZA, Jumatatu asubuhi.

Ndugu Mhariri, barua hii ilichelewa kupelekwa posta kwa sababu gari lilikuwa Nanyamba. Naomba mnivumilie niongeze machache.

Tulifika Jumamosi saa nne. Mchanga haukulizuia, wala mwinuko. Gari halikutoa sauti, kwa hiyo sikupata hata nafasi ya kutanguliwa na muungurumo. Mama mdogo alikuwa ameketi mlangoni anamenya mihogo, akainua macho akanikuta nimesimama mbele yake.

Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alinishika kichwa kama siku ile, akainuka kwa mkongojo, akanivuta chumbani. Chumba kilikuwa kinanuka petroli. Nilidhani ni pua yangu, maana nina miezi mitano sijainusa. Akaniambia niiname uvunguni mwa kitanda nitoe vilivyomo.

Zilikuwa chupa kumi na nne, Mhariri. Nimezihesabu mimi, na kuhesabu ndiyo kazi yangu. Nyingine za maji, nyingine za mafuta ya kupikia, za miaka ya nyuma petroli yake imekuwa ya rangi ya chai. Kila mwaka Somoe alipofika peke yake alimwambia nilivyosema, kwamba Bakari angekuja lakini gari halina mafuta. Katika watu wote niliowaambia maneno yale, mama mdogo peke yake ndiye aliyeyaamini. Kila mwaka akauza mihogo akanunua lita moja. Alitaka Somoe aniletee, lakini kondakta alikataa petroli kwenye basi, basi akawa anaiweka chini ya kitanda hadi nitakapokuja. Somoe alijua. Hakuniambia kwa sababu, asema, alitaka nizitoe mvunguni kwa mikono yangu.

Mama mdogo akaniambia, "Zichukue, mwanangu, usije ukakosa ya kurudia."

Nililia, naandika bila kuficha. Sikumwambia kwamba gari langu halinywi petroli. Nilizibeba mbili mbili hadi kwenye buti, naye amesimama mlangoni akihesabu pamoja nami. Kisha nikampakia kiti cha mbele, tukazunguka mji mzima wa Nanyamba kwa mwendo wa arusi, mara tatu, hadi tarakimu za kijani zikafika sita. Hapo gari likagoma kweli. Kwake hakuna umeme, ikabidi tulisukume hadi kwenye duka moja lenye soketi, tukalala kwake hadi Jumapili. Nilimweleza kwamba gari limechoka. Akasema si kitu, nalo limetoka mbali.

Kwa hiyo naomba muyafute malalamiko ya 1 hadi 7 pamoja na maombi yote, (a) hadi (d). Gari siliuzi. Mwandishi wenu msimguse.

Nina swali moja tu kwake, kwa kuwa yeye ni mtaalamu na hili halimo kwenye jedwali. Chupa zile bado ziko kwenye buti. Zuhura anasema ni hatari, na Stefano yuko tayari kuzichukua zote ajaribu kwenye pikipiki yake. Je, kuna namna salama gari la umeme linaweza kutembea na lita kumi na nne za petroli? Mwezi ujao namfuata mama mdogo nimlete aone meli, na ameshaniuliza kwa simu kama yale mafuta bado yapo. Nimemwambia yapo.